Sekunde 14 za Dizzee Rascal

Mara ya kwanza nilipoisikiliza Boy in da Corner, albamu ya kwanza ya Dizzee Rascal, nilidhani CD niliyochomewa ina mikwaruzo. Ngoma ziliingia na kukatika. Besi ilinguruma, ikazama, na katika pengo lililobaki kijana mmoja alikuwa akifoka kwa sauti nyembamba, kama mtu aliyekanyagwa kidole ndani ya daladala iliyojaa. Nilimrudia aliyenichomea nikamwomba nakala nyingine. Akacheka. "Ndivyo ilivyo hiyo. Kasikilize tena."

Nimeisikiliza tena mara nyingi, na bado naona watu wakiieleza albamu hii kwa namna inayonikera kidogo. Wapo wanaoiita hip hop ya Uingereza. Wapo wanaoiita mwanzo wa grime, muziki wa kufoka wa vijana wa mashariki mwa London, kana kwamba grime ilikuwa imekaa mahali ikisubiri mtu aje aifanyie albamu. Mambo yamejipinda zaidi ya hapo. Grime ya mwaka 2002 ilikuwa muziki usiohitaji albamu hata kidogo, na ukiitazama ilivyotengenezwa, karibu ungesema haiwezi kuwekwa kwenye albamu. Hapo ndipo ugumu wa alichokifanya mvulana huyu ulipo.

Tuanze na yeye, kwa ufupi. Dizzee Rascal jina lake ni Dylan Kwabena Mills, mzaliwa wa Bow, mashariki mwa London, tarehe 18 Septemba 1984. Kwabena ni jina ambalo Waakan wa Ghana humpa mtoto wa kiume aliyezaliwa Jumanne, na ukifungua kalenda ya mwaka huo utakuta kweli ilikuwa Jumanne. Alilelewa na mama yake, Mghana, katika maghorofa ya halmashauri. Albamu yake ya kwanza ilitolewa na lebo ya XL tarehe 21 Julai 2003. Wiki saba baadaye, tarehe 9 Septemba (Jumanne tena, kwa wanaopenda mambo hayo), ilishinda tuzo ya Mercury, ambayo kila mwaka huteua albamu bora ya Uingereza na Ireland. Miongoni mwa walioachwa nyuma usiku ule walikuwamo Radiohead na Coldplay. Mshindi alikuwa na miaka 18, zimebaki siku tisa afikishe 19.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 London ilikuwa ikicheza garage: muziki wa kasi lakini laini, wenye sauti tamu za kike na ngoma zinazorukaruka. Ulikuwa muziki wa watu waliovaa. Kwenye vilabu vingi vya garage ulitakiwa uje na viatu vya ngozi na shati lililopigwa pasi, meza zikiwa na shampeni, na mlangoni aliyevaa raba alirudishwa nyumbani. MC alikuwepo, ila kazi yake ilikuwa ndogo: kumsifia dijei, kuwachangamsha watu, kisha kunyamaza muziki uendelee.

Vijana wa Bow, Hackney na Newham walikua wakiisikiliza garage hiyo, na wengi wao hawakuwa na umri wala viatu vya kuingilia klabu. Wakachukua kasi yake wakaacha utamu. Sauti za kike zikaondolewa, mirukoruko ya ngoma ikaondolewa, zikabaki besi, mapigo makavu na nafasi tupu. Nafasi hiyo wakaijaza maneno. MC akatoka kuwa mshereheshaji akawa ndiye muziki wenyewe. Mwaka 2001 kundi la So Solid Crew, la kusini mwa London, lilifika namba moja Uingereza na wimbo ulioitwa "21 Seconds". Jina lilieleza kanuni ya wimbo: kila MC apewe sekunde 21, aseme yake, ampishe mwenzake.

Ishikilie hiyo kanuni ya sekunde, maana ndiyo ufunguo.

Grime iliishi kwenye redio za magendo. Rinse FM ilianza mwaka 1994 bila leseni, na ikakaa miaka 16 hivyo hivyo mpaka ilipopewa leseni mwaka 2010. Nyingine maarufu ilikuwa Deja Vu. Studio ingeweza kuwa jikoni kwa mtu au chumba kilichoachwa, na antena ikawa juu ya paa la ghorofa jingine refu, mbali, ili wakaguzi wakija wapate mtambo bila kupata watu. Kupandisha antena usiku ilikuwa kazi ya hatari yenye wataalamu wake. Dijei Slimzee, mmoja wa waasisi wa Rinse, aliishia kuwekewa amri ya mahakama iliyomkataza kupanda mapaa ya maghorofa.

Ndani ya chumba, hali ilikuwa hivi. Dijei mmoja, santuri mbili zinazozunguka, maiki moja au mbili, na ma-MC sita, saba, kumi, wamebanana wakisubiri. Msikilizaji akipenda alichosikia alipiga simu ya studio na kuikata kabla haijapokelewa. Alibip, kwa lugha yetu. Bipu zikizidi, dijei aliirudisha santuri nyuma kwa mkono, kelele ikasikika, na mdundo ukaanza upya, MC akarudia mistari ileile kwa nguvu zaidi. Desturi hii ya kurudisha santuri ilitoka Jamaika pamoja na maspika makubwa ya mitaani, ikaletwa London na wahamiaji, na kwa MC hakuna sifa iliyoizidi.

Fanya hesabu sasa. Grime inakwenda kwa mapigo 140 kwa dakika, zaidi kidogo ya mawili kila sekunde. Midundo mingi imejengwa kwa mafungu ya baa nane nane. (Nasema "baa" kwa sababu "mizani" tayari ina kazi yake kwenye ushairi, na sitaki ugomvi na malenga.) Baa moja ni mapigo manne, kwa hiyo baa nane ni mapigo 32, yaani karibu sekunde 14. Ndani ya sekunde hizo lazima uwe umeshasema kitu cha kumfanya mtu ashike simu. Ukibahatika una baa 16, nusu dakika bila sekunde chache. Ndiyo maana mistari ya grime ni mifupi, inajirudia, ina maneno ya kunasa kama kibwagizo. Haikuandikwa ili isomwe kwenye kijitabu cha CD. Iliandikwa ili ishinde chumba kilichojaa washindani kabla maiki haijanyakuliwa.

Midundo nayo haikuwa mali ya msanii mmoja. Mwaka 2002 ilitoka santuri iitwayo "Pulse X", kazi ya Youngstar, ambayo ni baa nane za kitu kimoja zikifuatiwa na baa nane za kitu kingine, basi, ni hivyo mpaka mwisho. Hakuna ubeti, hakuna kiitikio. MC yeyote aliweza kuipanda. Mwaka huohuo Wiley, kaka mkubwa wa muziki huu pale Bow, alitoa "Eskimo", mdundo baridi wenye besi inayosikika kama bati linalopindwa, na ikawa vivyo hivyo: mdundo mmoja, mamia ya sauti juu yake. Wiley aliendelea kuipa midundo yake majina ya barafu na theluji, na kwa muda muziki wenyewe ukawa hauna jina lililokubaliwa. Mwaka 2004 alitoa wimbo mzima wa kuuliza huu muziki unaitwaje.

Mtu wa Dar es Salaam aliyekulia kwenye vigodoro hahitaji maelezo marefu hapa. Singeli haina undugu wa damu na grime na kasi yake ni kubwa zaidi, lakini kompyuta ya kuungaunga, mdundo unaozunguka bila kukoma, na mtu mwenye maiki anayelazimika kuushinda, hayo anayajua.

Kwa hiyo jiulize: katika mfumo huo, albamu ya nini? Kilichothaminiwa ni usiku ule, chumba kile, na kaseti iliyorekodiwa kutoka redioni. Ukizichukua sekunde 14 za moto ukazipanga dakika 57 mfululizo, mtu mmoja akifoka peke yake, unapata uchovu. Makundi kadhaa yaliyojaribu kuuza nyimbo yalipata vibao vya hapa na pale. Albamu kamili, yenye mtu ndani yake, ilikuwa jambo jingine.

Dizzee aliingia kwa mlango wa shule, tena wa nyuma. Alifukuzwa shule nne. Ya tano, Langdon Park ya Poplar, nayo ilifika mahali ikamzuia kuingia vipindi vyote isipokuwa kimoja: muziki. Mwalimu wa somo hilo, Tim Smith, alimwachia kompyuta iliyokuwa na Cubase, programu ya kutengenezea muziki, na huko ndiko alikokuwa akishinda. Jina lenyewe la Rascal, mtundu, alipewa na mwalimu mmojawapo. Naona watu hupenda kuisimulia sehemu hii kama hadithi ya mwalimu mwema aliyeokoa kipaji, na kweli Smith anastahili heshima yake. Ila kwa mtazamo wa muziki jambo kubwa ni jingine. Wenzake wengi walijifunza kutengeneza midundo kwenye Fruity Loops nyumbani au kwenye mchezo wa PlayStation, na ma-MC wengi hawakutengeneza kabisa, walingoja ya wengine. Huyu alipata saa nyingi, peke yake, mbele ya mashine, na alikuwa MC pia. Akawa anajijengea midundo yenye mashimo ya ukubwa wa sauti yake.

"I Luv U" ndiyo ushahidi. Aliitengeneza akiwa bado kijana wa miaka 16 hivi, ikazunguka kwanza kama santuri isiyo na lebo, kisha XL wakaitoa rasmi. Sikiliza inavyoanza: sauti ya msichana inatamka maneno yale matatu ya mapenzi, inakatwa, inarudishwa, inakatwa, mpaka yanakuwa kama kengele mbovu. Besi inapiga chini yake kama mlango wa chuma. Kisha Dizzee anaanza kuzungumza habari ya kijana aliyeambiwa msichana huenda ana mimba, na anayetafuta kila sababu ya kuruka. Ukidhani ni wimbo mwingine wa mvulana kumtukana msichana, subiri. Msichana anaingia na ubeti wake mwenyewe, anamjibu tusi kwa tusi, na humwoni nani kashinda. Wote wawili ni watoto, wote wanaogopa, na mdundo hauwapi nafasi ya kupumua. Ile desturi ya redioni ya MC kumjibu MC imehamishwa ikawekwa kati ya wapenzi wawili. Ndani ya dakika nne mashindano yamegeuka tamthilia.

Hilo ndilo nadhani lilitatua fumbo la albamu. Dizzee hakuacha kanuni za redio. Alibadilisha tu chumba. Mahali pa ma-MC kumi wanaogombea maiki aliweka mtu mmoja mwenye nafsi nyingi zinazogombana: mkorofi, mwoga, mchekeshaji, mwenye wivu, mchovu.

Wimbo wa kwanza, "Sittin' Here", hauna hata ushindani. Kijana amekaa. Anatazama mtaa, anasikia ving'ora, anasema anafikiri sana na kwamba mambo hayako kama yalivyokuwa jana tu. Kuifungua albamu ya muziki wa kelele kwa mtu aliyekaa kimya kulihitaji ujasiri kuliko kelele zote zinazofuata. "Brand New Day" ina vinanda vidogo vyenye ladha ya Mashariki ya Mbali, karibu vya kitoto, huku maneno yakihesabu marafiki waliogeuka maadui. Wimbo wa mwisho kati ya 15, "Do It!", unarudi kwenye upweke uleule, na ndio niupendao zaidi ingawa sijawahi kukutana na mtu mwingine anayesema hivyo.

Jalada linasema hayo bila maneno. Kuta mbili za manjano zinakutana kwenye pembe. Kijana mwenye nguo nyeusi ameketi sakafuni, vidole viwili vya shahada vimesimama juu ya kichwa kama pembe za shetani. Jina la albamu lina maana mbili ambazo Kiswahili kinazipokea vizuri: mtoto aliyeadhibiwa akae kona ya darasa, na kijana wa kijiweni kwenye kona ya mtaa. Na nje ya kona ile, ukitoka Bow ukatazama kusini, unaona minara ya mabenki ya Canary Wharf iliyosimama palipokuwa bandari. Taa ya juu ya mnara mkuu huwaka na kuzimika usiku kucha. Fedha zote zile ziko umbali wa vituo vichache vya treni na hazikuhusu. Katika wimbo mmoja Dizzee anajitangaza kuwa tatizo kwa Anthony Blair, waziri mkuu wa wakati huo, akimtaja kwa jina kamili kama mwalimu anavyoita mahudhurio.

Lugha nayo iliwatatiza wengi. "Hold Ya Mouf" si makosa ya tahajia. Mashariki mwa London wengi hutamka sauti ya "th" kama "f", naye akaandika anavyosema. Juu ya lafudhi hiyo ya Kikokni umelala msamiati wa Jamaika, aliousikia kwa majirani na kwenye kaseti za dancehall, maana kwao kulikuwa na watu wa kila mahali: Wakaribi, Waafrika Magharibi, Wabangladeshi, Waingereza wa zamani. Rapa wa Uingereza kabla yake walisumbuliwa na swali la kama waige Marekani au wasiige. Kwa Dizzee swali halikuwepo. Ndiyo maana kumwita rapa wa hip hop kunapotosha: hip hop ilimfikia, hata "Fix Up, Look Sharp" umejengwa juu ya ngoma za mwanarock wa Marekani Billy Squier za mwaka 1980 na unakwenda taratibu kuliko grime ya kawaida, lakini ukoo wake unapitia Jamaika, jungle (muziki wa dansi wa kasi wa Uingereza) na garage, si Bronx, mtaa wa New York ilikozaliwa hip hop.

Kuhusu miezi ile ya 2003, maneno machache yanatosha. Mapema Julai, wiki mbili kabla albamu haijatoka, alichomwa visu huko Ayia Napa, Cyprus, mji wa likizo uliokuwa kituo cha garage kila kiangazi. Akapona. Urafiki wake na Wiley, ulioingia ufa kwa mkasa huo, haukupona. Wiley anasikika kwenye "2 Far", na ukiujua mkasa huo wimbo unakuwa na ladha ya huzuni ambayo haukukusudiwa kuwa nayo. Septemba ikaja Mercury, na pauni 20,000. Tusitie chumvi kuhusu mauzo: albamu ilifika namba 23 tu kwenye chati ya Uingereza, na kibao chake kikubwa, "Fix Up, Look Sharp", namba 17. Waliotangulia kuisifu walikuwa waandishi wa muziki, kisha tuzo. Soko lilifuata nyuma likichechemea.

Lebo zilizokimbilia mashariki mwa London baada ya hapo zilisoma vibaya. Ziliona mshindi wa Mercury zikadhani grime ni kiwanda cha albamu. Zikawasainisha ma-MC waliokuwa hatari kwenye maiki kwa nusu dakika, zikawaomba nyimbo 15 zenye viitikio. Chache zilifaulu; ya Kano ya mwaka 2005 bado inasikilizika. Nyingi hazikufika popote, na wenyewe wakarudi kwenye DVD na kanda mseto walizouza kwa mkono. Huku nyuma mlango wa maonyesho ukafungwa. Mwaka 2005 polisi wa London walianzisha fomu iliyoitwa 696, ambayo waandaaji walitakiwa kuijaza kabla ya onyesho. Mwanzoni iliuliza hata aina ya muziki na kabila la watazamaji wanaotarajiwa. Ilifutwa Novemba 2017. Muziki ulioishi kwa watu kukutana chumbani ulinyimwa vyumba kwa miaka 12.

Dizzee mwenyewe alihamia kwenye pop ya dansi. "Dance wiv Me" ya 2008 ilimpa namba moja yake ya kwanza, "Bonkers" ikafuata 2009, na mashabiki wa zamani wakanuna. Mimi sikununa, aliyefanya alichokifanya akiwa na miaka 18 ana haki ya kucheza. Wenzake walihitaji muda zaidi. Skepta alishinda Mercury mwaka 2016 na Konnichiwa, miaka 13 baada ya Dizzee, na mwaka uliofuata Stormzy akawa wa kwanza kufikisha albamu ya grime namba moja Uingereza.

Tarehe 27 Julai 2012 Michezo ya Olimpiki ilifunguliwa Stratford, mwendo wa miguu kutoka Bow, na Dizzee alikuwa miongoni mwa waliotumbuiza dunia nzima ikitazama. Aliimba "Bonkers". Ilibidi ipite miaka minne mingine, na kwanza aiimbe albamu yake ya kwanza yote huko New York, mashabiki wa London walalamike, ndipo Oktoba 2016 akaileta kwenye ukumbi wa Copper Box, ndani ya bustani ileile ya Olimpiki.

Ukitaka kuanza kuisikiliza leo, usianze na "Fix Up, Look Sharp" kama orodha nyingi zinavyoshauri; huo utaupenda upesi na utadhani umeshaielewa albamu. Anza na "I Luv U", kisha "Sittin' Here". Na tafadhali si kwa spika ya simu. Besi yake iko chini mno, simu haiifikii, na utabaki na kijana anayefoka juu ya kimya. Tafuta spika ya jirani yule mwenye fujo.